Safu ya Kumi na Nne

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika.
Kampuni ya Maji ya Nadaa, tawi la Ibra,
ghorofa ya pili, juu ya fundi wa kushona kanzu,
kiyoyozi kikidondosha tone, tone, ndani ya ndoo
na kalamu yangu ikifuata.

Safu ya kumi na nne iliitwa Hisani.
Mazulia ya msikiti wa bondeni, mita mia mbili na kumi.
Jezi za vijana, kijani, jina letu kifuani.
Birika la kahawa la saruji, refu kuliko nyumba,
katikati ya mzunguko wa barabara:
halijammiminia mtu hata kikombe.
Futari ya mwezi mzima, hema la manispaa.
Safari ya mafunzo, watu wanne, Istanbul, siku tisa.
Mafunzo ya nini, hapakuandikwa.
Sikuuliza. Nilijumlisha.

Wakati huohuo falaji likishuka.
Kwanza kidole. Kisha kiganja.
Mitende ikainamisha makuti
kama watu waliosikia kilio jirani
na hawajajua bado nani kafiwa.
Zamu ya mama yangu, nusu saa kila siku ya nane,
aliyoachiwa na babu aliyefia Unguja,
ikawa nusu saa ya kutazama tope.

Waliandika barua. Ikapokelewa kwa heshima,
ikagongwa muhuri, ikapewa namba,
ikalazwa. Miaka mitatu.
Kila wakiulizia: inachunguzwa.
Mkaguzi alipotaka kwenda kisimani
nilimpa gari letu, dereva wetu, chakula chetu.
Vipimo navyo vilikuwa vyetu.

Msinielewe vibaya, hapakuwa na bahasha.
Ningeiona; ningeipa safu yake.
Mkono mtupu haulambwi, husemwa;
wetu ulikuwa umejaa,
ukalambwa hadi kwenye kiwiko,
na anayelamba hawezi, wakati huohuo, kuuliza.

Mama hakuandika barua ya pili.
Alikwenda kwa Shaji, Mmalabari wa duka la pembeni,
akarudisha katoni moja isiyofunguliwa,
akadai baisa zake mia tisa,
akazihesabu mbele za watu, polepole.
Kesho yake Bi Thuwaiba.
Kisha harusi ya kina Ghassan: wageni mia nne,
maji ya mtungi, sharubati ya ndimu,
hakuna chupa yetu hata moja mezani,
na picha zikaruka simu kwa simu
hadi Sur, hadi Sib, hadi kwa wanafunzi wa Sohar.
Shaji akasukuma katoni zetu nyuma ya magunia ya vitunguu.
Nami, safu ya pili, Mauzo,
nikaona tarakimu zikinywea kama zabibu juani.

Siku ya tisa barua iliamka.
Iliamka imeoga, imefunga kilemba:
kikao, wajumbe, mita mpya mdomoni mwa kisima,
na mkurugenzi wetu akipigwa picha
anapanda mche wa mtende kwa sepetu isiyo na vumbi.
Mche niliuingiza safu ya kumi na nne.

Usiku ule mama alikuwa akikanda unga.
Nikamwambia, mmeshinda.
Hakunyanyua uso.
"Na wale wa kambi ya machimbo?"
Wale Wabangali mia moja na sitini
hunywa chupa zetu kwa mkataba,
zinakatwa kwenye mshahara kabla hawajauona.
Wao hawana baisa ya kurudishiwa.
Nilitafuta safu yao kichwani,
sikuipata.

Falaji limepanda vidole viwili. Si kiganja.
Chupa zina kizibo kipya, rangi ya samawati, na jina jipya,
na bei imeshuka baisa hamsini.
Juzi, saa ya jua kali, nilimwona Bi Thuwaiba
akitoka kwa Shaji kwa mlango wa nyuma,
katoni chini ya abaya, akienda upande upande
kama mja mzito.
Tulitazamana.
Sikumwambia mama.
Niliandika.